Mtembelee mkulima wa mvinyo kabla zabibu hazijaonekana

Mara nyingi mtu akiniambia kwamba anapanga kwenda Ufaransa kuona mashamba ya mizabibu, huwa ameshachagua Septemba, kwa sababu picha zote alizowahi kuziona zina vichala vizito, vikapu vilivyojaa na watu wanaocheka. Mimi mwaka huu nimezitumia siku zangu za mapumziko, kuanzia Machi hadi katikati ya Juni, katika bonde la mto Loire, hasa kwenye vijiji vilivyo karibu na mji wa Tours, nikiwarudia wakulima walewale wanne badala ya kukimbia kutoka shamba hadi shamba. Nimetoka huko nikiamini kwamba mwezi wa mavuno ndio mwezi usiofaa kuliko yote kumtembelea mtu anayetengeneza mvinyo. Wakati huo hana nafasi ya kuzungumza nawe, na sehemu kubwa ya kazi iliyoamua ubora wa chupa yake imeshapita bila wewe kuiona.

Nimekulia Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa sababu hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu, na mojawapo ya aina zinazolimwa kule ni chenin blanc. Jina hilo nililisikia shambani miaka mingi kabla ya kujua kwamba asili yake ni bonde la Loire, na ndiyo sababu nililichagua bonde hili nikaiacha Bordeaux yenye sifa kubwa zaidi. Nilitaka kuuona mti ninaoujua ukiishi maisha nisiyoyajua.

Mwezi Machi shamba la Vouvray halina kitu cha kupigwa picha. Kijiji hicho kipo kwenye ukingo wa kaskazini wa mto, mwendo mfupi mashariki mwa Tours, na mashamba yake yapo juu ya genge la mawe ya chokaa. Ukisimama pale unaona safu za mashina meusi yaliyopinda, nyaya, na matope yanayong'ang'ania viatu. Mzee wa kwanza niliyemtembelea alikuwa anamalizia kupogoa, akaniruhusu nimfuate safu tatu nzima mradi nisimsemeshe wakati anakata. Alikuwa analitazama kila shina kwanza, analizunguka kidogo, kisha anakata karibu matawi yote ya mwaka uliopita na kuacha tawi moja refu la kulazwa juu ya waya, pamoja na kijiti kifupi chenye macho mawili, yaani sehemu mbili za kuchipua. Tawi refu ndilo litakalozaa mwaka huu, na kijiti ndicho kitakachotoa tawi la kuzaa mwaka ujao, kwa hiyo kila anapobana mkasi anaamua mavuno ya misimu miwili kwa pamoja, na huyo mzee alikuwa na maelfu ya mashina ya kuyaamulia hivyo, moja baada ya jingine, kwenye baridi, akiwa peke yake.

Kwenye kidonda cha tawi alilolikata palianza kujikusanya tone la maji safi, likakua polepole, likaning'inia, likadondoka, na jingine likaanza. Wafaransa husema mzabibu unalia, na maana yake ni kwamba udongo umepata joto, mizizi imeamka na inasukuma maji juu. Nimeona mizabibu ikipogolewa tangu utotoni, lakini kwetu ni sisi tunaouamsha mti kwa mkasi. Hapa ulikuwa umeamshwa na ardhi yenyewe, na mkulima alikuwa anakimbizana nao. Watu wa Tours wana hekaya kwamba kazi hii waliifundishwa na punda: ati watawa wa Mtakatifu Martin, aliyekuwa askofu wa mji huo katika karne ya 4, walimwacha punda wao akatafuna mizabibu, wakahuzunika, na mwaka uliofuata wakakuta kwamba mashina yaliyotafunwa ndiyo yaliyozaa vizuri zaidi. Yule mzee alinisimulia habari hiyo huku akiendelea kukata, kama mtu anayeeleza kazi ya babu yake.

Kilichonibadilisha kabisa, hata hivyo, ni usiku mmoja wa Aprili. Chenin ni aina inayochipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, na hiyo ina maana kwamba inakuwa na machipukizi mabichi wakati baridi bado haijaaga. Majira ya baridi yakiwa na joto kuliko kawaida, kama yanavyozidi kuwa miaka hii, mti huamka mapema zaidi, na usiku mmoja tu wenye anga safi na utulivu wa hewa unatosha kuleta sakitu, ule umande unaoganda juu ya mimea, na kuua mazao ya mwaka mzima. Wakulima wa Loire wanaitaja miaka kama watu wanavyotaja misiba ya ukoo: 1991, 2016, 2017, 2021. Ile ya Aprili 2021 iliharibu mizabibu na miti ya matunda sehemu nyingi za Ufaransa kwa siku chache, kiasi kwamba waziri wa kilimo wa wakati huo, Julien Denormandie, aliihesabu kuwa pengine janga kubwa kuliko yote ya kilimo tangu karne hii ianze.

Mama mwenye shamba huko Montlouis, ng'ambo ya pili ya mto, alikuwa ameniahidi kunijulisha sakitu ikitokea, na ujumbe wake ulinifikia saa tatu za usiku: njoo ukitaka kuona, ila utabeba ndoo. Tulifika shambani saa tisa usiku. Katikati ya safu zilikuwa zimepangwa ndoo za nta zenye utambi, mishumaa mikubwa ya bati, ambayo huhitajika kati ya 300 na 500 kwa hekta moja na inayowaka kwa saa chache tu kabla ya kumalizika. Kwa kuwa ni ghali, hakuna anayeiwasha kwa hofu. Mwenye shamba husubiri. Alikuwa ametundika vipimajoto kwenye nyaya, kwenye kimo kilekile cha machipukizi, naye alipita kutoka kimoja hadi kingine kwa tochi ndogo huku akizisoma namba kwa sauti, na wanawe wawili pamoja nami tukisimama na viwashio vya gesi mkononi. Machipukizi yaliyokwisha kufunguka hufa joto likishuka nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na mapema zaidi yakiwa na unyevu. Saa kumi na robo alisema neno moja, tukaanza kuwasha.

Nimeshaona picha za mashamba yenye mishumaa, na ni kweli kwamba kwa mbali yanapendeza. Ukiwa ndani yake unasikia harufu ya nta iliyoungua, moshi unakuuma macho, na unajua kwamba mwenye shamba anachoma akiba yake akitazama. Baridi kali kuliko zote huja karibu na mapambazuko, na hata jua linapotoka hatari haijaisha, kwa maana miale ikiligonga ghafla chipukizi lililoganda huliunguza; kwa hiyo jirani yake alikuwa amewasha marobota ya majani makavu yaliyoloweshwa maji ili moshi uwe pazia. Saa nne za asubuhi yule mama alinipeleka kwenye bonde dogo mwisho wa shamba, mahali ambapo hewa baridi hutuama kama maji, akachuma chipukizi moja na kulipasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ndani lilikuwa la rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa. Akachuma jingine mita 20 juu yake, akalipasua, nalo lilikuwa la kijani. Alivuta pumzi, akahesabu safu kwa kidole, akasema amepoteza tisa. Ni kweli kwamba shina hutoa chipukizi la pili baada ya la kwanza kufa, lakini hilo huzaa kidogo mno.

Tangu asubuhi ile sikubaliani tena na wanaolalamika kwamba chupa ya mkulima mdogo ni ghali kuliko ya dukani. Bei hiyo inabeba mishumaa ya mwaka huu na pia ule mwaka ambao mishumaa haikufua dafu, ambapo mapipa yalibaki matupu na mikopo ya benki ikaendelea kudaiwa.

Mei ni mwezi wa hofu inayopungua. Wazee bado huwahesabu watakatifu wa barafu, Mamert, Pancrace na Servais, ambao siku zao ni tarehe 11, 12 na 13, na kabla hazijapita hakuna anayethubutu kusema kwamba msimu umesalimika. Shambani kazi ni kupunguza machipukizi yasiyotakiwa kwa mkono, shina kwa shina, na kwenye mapango ni wakati wa kuonja mvinyo wa mavuno yaliyopita na kuutia kwenye chupa. Nasema mapango kwa sababu ndivyo yalivyo: genge la Vouvray limetobolewa kwa karne nyingi na watu waliochimba jiwe laini la chokaa liitwalo tuffeau, jiwe lilelile lililojenga makasri mashuhuri ya bonde hili, na mashimo yaliyobaki yakawa maghala yenye joto la nyuzi 12 hivi mwaka mzima. Treni ya mwendo kasi iendayo Tours, iliyoanza safari zake 1990, inapita kwenye handaki chini ya mizabibu hii, na wakulima walipambana sana wakati ule ili mtikisiko wake usiivuruge mivinyo iliyolala.

Mzee wa Vouvray alinionjesha kutoka mapipa sita. Mvinyo ambao haujatiwa kwenye chupa huwa na ukungu kidogo na ukali wa tufaha bichi, na mtu asiyezoea anaweza kudhani umeharibika. Chenin ya Vouvray hutoa mvinyo mkavu, wenye utamu wa wastani, mtamu kabisa, au wenye mapovu, kutegemea mwaka ulivyokuwa, na mkulima haamui mwenyewe hadi zabibu zimwambie. Mwishoni aliingia ndani zaidi na kurudi na chupa isiyo na lebo iliyovikwa kuvu jeusi kama manyoya, mwaka wa 1989. Mvinyo wake ulikuwa na rangi ya asali ya nyuki wadogo, na ule ukali wa tufaha ulikuwa bado umo, chini kabisa ya utamu, ukiushikilia mvinyo usilegee baada ya miaka yote hiyo. Bila kuonja mapipa sita kwanza nisingeutambua.

Mji wa Chinon nao nilikwenda, kuonja mivinyo myekundu ya cabernet franc, aina ya zabibu ambayo wenyeji huiita Breton, na niliipenda, lakini siku moja haitoshi kunipa maoni juu yake.

Kwa anayetaka kwenda, nasisitiza mambo machache. Piga simu kabla, kwa sababu wakati wa machipuko mkulima anaishi kwa kufuata hali ya hewa na hakai kaunta akisubiri wageni. Mei pia imejaa sikukuu, kwa hiyo hakikisha kwanza kwamba utamkuta. Temea kwenye ndoo inayowekwa pale, maana si utovu wa adabu hata kidogo, na sheria ya Ufaransa hairuhusu kuendesha gari ukiwa na kiwango cha pombe kinachofikia gramu 0.5 kwa lita ya damu. Wasomaji wangu wengi hawanywi, kwa dini au kwa hiari yao, nami nawaambia bila kusita kwamba safari hii inawafaa pia, kwa kuwa hiki ni kilimo kabla hakijawa kinywaji. Rafiki yangu mmoja Mwislamu wa kutoka Tanga alinifuata siku ya kupunguza machipukizi, akaeleza mapema kwamba hanywi, akapewa maji ya zabibu na jozi ya glavu. Na kama umeonja, nunua, hata chupa mbili, hasa pale ambapo hukutozwa chochote. Nimewaona wageni wakishuka kwenye basi, wakinywa glasi nne za bure, wakipiga picha na kuondoka mikono mitupu, na nimeiona sura ya mama wa Montlouis baada yao.

Mara ya mwisho nilikwenda kwake katikati ya Juni. Maua ya mzabibu ni madogo kuliko punje ya mchele na hayana petali za kuonekana. Kila ua limevaa kikofia cha kijani kinachobanduka na kuanguka, likabaki na nywele nyeupe za chavua. Harufu yake ni hafifu na tamu, na huisikii mpaka upige magoti. Kuanzia hapo wakulima huhesabu siku 100 hivi hadi mavuno. Mama huyo alikuwa ameandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa pango, chini ya tarehe za miaka mingine, na kwenye zile safu tisa za bondeni chipukizi la pili lilikuwa limetoa kichala kimoja hapa na kimoja pale, navyo vilikuwa vimechanua.