Vitamini D na uvimbe wa kizazi: angalieni kipimo na kizio chake

Kuna makala inayosema vitamini D "huyeyusha" faibroidi, yaani uvimbe wa kizazi. Hapo imezidisha. Utafiti uliotolewa 2013, uliohusisha wanawake 1,036 wa miaka 35 hadi 49 wa Washington, Marekani, ulikuta kwamba wenye vitamini D ya kutosha, yaani zaidi ya nanogramu 20 kwa mililita, walikuwa na uwezekano mdogo wa kuwa na uvimbe kwa takriban asilimia 32. Huo ni uhusiano tu, si ushahidi wa tiba. Wanawake weusi waliofikia kiwango hicho walikuwa 10 tu kati ya 100, kwa sababu melanini, yaani rangi ya ngozi, hupunguza miale ya jua inayotengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi. Jua linalopita kwenye kioo cha dirisha nalo halisaidii, kioo huzuia miale hiyo.

Dada zangu, mkienda maabara ombeni kipimo cha 25-haidroksi vitamini D, kinachoonyesha akiba ya vitamini hiyo mwilini. Kipimo kingine, cha 1,25-dihaidroksi vitamini D, kinaweza kusoma sawa hata mtu akiwa na upungufu. Kisha tazameni kizio: nanogramu 20 kwa mililita ni sawa na nanomoli 50 kwa lita, na wengi huchanganya hapa, wakiona nanomoli 20 wakadhani wako salama. Vidonge vya D3, aina ya vitamini D, mezeni pamoja na chakula chenye mafuta, na msizidishe yuniti 4,000 kwa siku bila daktari, maana kalsiamu ikipanda kwenye damu huumiza figo.

Anayetokwa damu nyingi ya hedhi, yenye mabonge, asisubiri vidonge hivi vifanye kazi: apime hemoglobini (wingi wa damu) na feritini (akiba ya madini ya chuma), apigwe altrasaundi.