Kigoma Tujipambe kwa Kuifuata Safari

Mkazi wa Kigoma, apende asipende, ni mtu wa safari. Mji wetu uko mwisho wa Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, na mbele yetu limelala Ziwa Tanganyika lenye urefu wa kilomita 670 hivi, ambalo kwa ndugu zetu wa vijiji vingi vya mwambao ndilo barabara yao ya kuja mjini. Mfanyabiashara wa dagaa, mwalimu anayekwenda likizo, bibi anayekwenda kumwona mjukuu Urambo na mwanafunzi anayerudi chuoni, wote hukaa saa nyingi juani, upeponi na vumbini, kisha hutarajiwa kushuka wakiwa nadhifu. Ndiyo maana naamini kwamba kwa watu wa huku mavazi, ngozi na safari ni jambo moja, na kwamba ushauri mwingi wa urembo unaotufikia kupitia simu hautufai, kwa kuwa umeandikwa kwa ajili ya mtu anayetoka nyumbani, akaingia garini na kushukia mlangoni pa ofisi.

Tuanze na nguo, kwa sababu hapo hatuna shida ya kutafuta mbali. Kitenge ndilo vazi la safari lililo bora kuliko yote ninayoyajua, na Kigoma tumebahatika kuishi kwenye njia ambayo vitenge vimekuwa vikipita kwa miaka mingi kutoka Kongo na Burundi hadi soko la Mwanga. Yadi sita za kitenge humpatia fundi gauni au sketi na blauzi, zikabaki za kilemba, na mara nyingine kikabaki kipande cha kujitanda, ambacho usiku behewa linapopoa baada ya Kaliua hugeuka shuka, na mchana huwekwa dirishani kukinga jua. Maua yake makubwa na rangi zake zilizokolea huficha vumbi na mikunjo, jambo ambalo suruali ya kitambaa cheupe haiwezi kulifanya hata ikiwa imepigwa pasi vizuri namna gani.

Sharti langu ni moja tu, nalo ni kwamba kitenge kiwe cha pamba. Siku hizi sokoni kuna vitambaa vingi vya poliyesta vilivyopigwa chapa ya kitenge, vinavyong'aa na kuuzwa kwa bei ya kuvutia, lakini havinyonyi jasho, na mtu aliyevivaa kutwa nzima kwenye joto la daraja la tatu hushuka na harara mgongoni na michubuko kwapani. Kukitambua si kazi ngumu. Geuza kitambaa utazame upande wa pili, kwa sababu kitenge cha wax kilichotengenezwa vizuri huwa na rangi zilizokolea pande zote mbili, kisha mwombe muuzaji akuruhusu kuvuta uzi mmoja kwenye pindo na kuuwashia kiberiti. Uzi wa pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini yanayopukutika ukiyagusa, ilhali ule wa poliyesta huyeyuka, ukajikunja na kuacha kidonge kigumu cheusi. Wauzaji waaminifu hawakasiriki wanapoombwa hivyo, na wengine hutoa kiberiti wenyewe.

Kuhusu nywele, mabibi zetu walikwisha kulimaliza suala hilo kwa msuko wa twende kilioni, ambao husukwa kwa muda mfupi, haubani kichwa na hukaa vizuri chini ya kilemba. Viatu viwe vya kuvulika kwa urahisi, hasa kwa wanaopanda boti Kibirizi, ambako mara nyingi mtu hukanyaga maji kabla hajakanyaga mbao.

Ngozi ndiyo inayohitaji maneno mengi zaidi. Kigoma iko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na uso wa ziwa letu uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya jua inayoitwa urujuanimno ni mikali mwaka mzima, hata siku ambazo mawingu yametanda na upepo wa ziwani unamdanganya mtu kwamba hakuna jua. Ndani ya boti lisilo na paa, miale humfikia msafiri kutoka juu na sehemu yake hurushwa tena usoni kutoka kwenye maji, na hata abiria aliyeketi nyuma ya kioo kilichofungwa hajasalimika kabisa, kwa sababu kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi inayobabua lakini hupitisha kwa wingi ile inayozeesha ngozi na kuiachia madoa. Ngozi nyeusi ina ulinzi wa asili ambao ngozi nyeupe haina, na tunapaswa kuushukuru, lakini ulinzi huo haumaanishi kwamba jua halitugusi. Weusi unaojitokeza mashavuni na kwenye paji la uso, ambao wengi huufanya sababu ya kukimbilia krimu za kung'arisha, mara nyingi huchochewa na jua lenyewe, na dawa yake ya kwanza ni kofia yenye ukingo mpana, mtandio na mikono mirefu.

Kwa wenzetu wenye ualbino hakuna nafasi ya kuchagua, kwa kuwa saratani ya ngozi ni hatari inayowanyemelea tangu utotoni. Nchini mwetu kuna losheni iitwayo Kilisun, inayotengenezwa Moshi katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, iliyobuniwa kwa ajili yao hasa. Losheni yoyote ya kukinga jua hupakwa kabla ya kutoka na kurudiwa kila baada ya saa mbili hivi, na familia inayosafiri na mtoto mwenye ualbino kwa boti inapaswa kuihesabu pamoja na nauli na chakula.

Sasa niseme jambo linaloniumiza. Bidhaa za urembo ambazo msafiri hukutana nazo kwa urahisi zaidi njiani, bandarini na stendi ni za kujichubua: vichupa, tyubu na sabuni visivyo na lebo inayosomeka, pamoja na makopo ya mkorogo ambao muuzaji ameuchanganya mwenyewe na hawezi kumwambia mteja kilichomo. Ndani yake mara nyingi kuna haidrokwinoni, yaani kemikali ya kufifisha rangi ya ngozi, kuna steroidi zenye nguvu, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, au kuna zebaki, na wakati mwingine vyote kwa pamoja. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari huweza kuiachia ngozi madoa ya rangi ya kijivu na bluu ambayo ni vigumu mno kuyaondoa. Steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba, ikapata michirizi na chunusi, na ikawa na vidonda visivyopona upesi, jambo ambalo madaktari wa upasuaji hulifahamu vizuri wanaposhona ngozi iliyochoka namna hiyo. Zebaki huharibu figo, na anayeitumia huweza kumwambukiza sumu hiyo mtoto anayemnyonyesha na hata watu anaolala nao chumba kimoja.

Kuna ishara ambayo ningependa kila msichana wa Kigoma aifahamu. Iwapo maelezo ya krimu au sabuni yanamwonya mtumiaji asiigusishe na dhahabu, fedha, alumini au mpira, basi huenda kuna zebaki ndani yake, hata kama haikuandikwa. Kitu ambacho pete ya ndoa haitakiwi kukigusa hakina sababu ya kupakwa usoni.

Sheria haiko upande wa wauzaji hawa. Viambato hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania, na tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Kimataifa, nchi zilizo katika Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013, zilikubaliana mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vilivyoongezwa zebaki viondolewe ifikapo mwaka 2025. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa zebaki tunayoiosha mwilini haipotei. Huingia kwenye maji machafu, ikafika mtoni na ziwani, ikageuzwa na vijidudu kuwa sumu kali zaidi inayojilimbikiza ndani ya samaki. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, nao ni Lukuga upande wa Kongo, hivyo kinachoingia humo hukaa humo kwa muda mrefu sana. Watu wanaoishi kwa dagaa na migebuka hawawezi kulichukulia hilo kuwa suala la uso wa mtu binafsi.

Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba tunanunua sumu hizo huku tumezungukwa na vitu vizuri. Mchikichi wetu hutoa mawese kutoka kwenye nyama ya tunda, na hutoa mafuta ya mise kutoka kwenye kokwa. Mafuta haya ya mise, ambayo kwa asili yanafanana sana na mafuta ya nazi, hulainisha ngozi iliyopauka na kuzuia maji yasipotee haraka, hasa yakipakwa mara baada ya kuoga wakati mwili bado una unyevu. Mise ikikaangwa kabla ya kukamuliwa, mafuta hutoka yakiwa ya kahawia na yenye harufu nzito, kwa hiyo asiyependa harufu hiyo atafute yaliyokamuliwa bila kukaangwa. Mwenye chunusi ayatumie mwilini na kuyaacha usoni, kwa kuwa huweza kuziba vinyweleo. Wala mtu asiyategemee kuzuia jua, kwani kazi hiyo hayaiwezi.

Mbele kidogo kwenye reli hiyohiyo wako Watabora na nyuki wao wa misitu ya miombo. Sote tunanunua asali yao, lakini nta tunaisahau, ilhali nta ndiyo inayomfaa msafiri wa miezi ya Juni hadi Agosti, wakati hewa ya kati ya Uvinza na Tabora inapokauka na midomo kupasuka hadi kutoa damu. Chukua kijiko kimoja cha nta safi iliyoparuzwa na vijiko vinne vya mafuta ya mise, weka kwenye bakuli, kisha liweke bakuli hilo ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kwa sababu nta ikiwekwa moja kwa moja juu ya jiko huungua. Nta huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 62 hivi za Selsiasi, basi subiri kwa utulivu huku ukikoroga kwa kijiti kikavu. Dondoshea tone moja kwenye sahani iliyopoa. Likiganda kuwa laini kama siagi, mimina kwenye kopo dogo, na likiwa gumu mno ongeza mafuta. Mafuta ya mise peke yake hugeuka maji mchana na kuganda usiku wa baridi, lakini yakishikwa na nta hutulia ndani ya kopo na hayamwagiki kwenye mkoba. Hufaa midomo, visigino na viwiko, na hufaa wanaume sawasawa na wanawake, hata kama baadhi ya kaka zetu bado wanaona aibu kuonekana wakijipaka.

Kwa hiyo nina ombi kwa vikundi vya kina mama vinavyokamua mawese katika wilaya zetu. Abiria wa treni na wa boti tayari wananunua kwenu madumu ya mawese ya kupikia. Wawekeeni pia mise katika chupa ndogo zilizofungwa vizuri, na marhamu ya nta katika makopo ya kutosha mfukoni, yakiwa na jina la kikundi, tarehe ya kutengenezwa na orodha ya kilichomo. Ombeni alama ya ubora ya TBS, kwa sababu wajasiriamali wadogo wamewekewa utaratibu wao wa kuipata, nanyi wasafiri mjenge mazoea ya kuuliza kabla ya kutoa hela: kimetengenezwa na nani, na ndani kuna nini? Muuzaji wa mise atawajibu papo hapo, na asiyeweza kujibu, rudisheni kopo lake mezani.