Mwaka Mpya na Mambo Tunayoyafanya kwa Makusudi

Siku tatu kabla ya mwaka kwisha nilitoa kabatini daftari ambalo kwa miaka mitano nimeliandikia maazimio yangu ya mwaka mpya, nikalifungua mezani kwa nia ya kuandika ukurasa wa sita. Kabla ya kuandika nilizisoma kurasa zilizotangulia, jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifanya hata mara moja. Azimio la kusoma vitabu 12 kwa mwaka limo katika kurasa zote tano. Katika ukurasa wa kwanza nimelipigia mstari mara mbili. Katika wa pili nimeliwekea nyota. Katika wa tano limeshuka hadi mwisho kabisa, kwa mwandiko mdogo, kama neno la mtu aliyekwisha kujua kwamba hatasikilizwa. Hakuna mwaka hata mmoja niliolitimiza.

Niliweka kalamu chini. Aibu niliyoihisi ilikuwa ya kweli, lakini haikukaa, kwa sababu nyuma yake lilikuja swali lililonisumbua zaidi: ikiwa kwa miaka mitano nimeandika kwamba nataka jambo fulani, na kwa miaka hiyo mitano sikulifanya, je, ninayo haki ya kuliita kusudi langu?

Neno hilo linastahili kutazamwa vizuri. Tunazungumzia kusudi la maisha, tukimaanisha lile jambo kubwa ambalo mtu anaamini yupo duniani kwa ajili yake, na tunalitamka kwa heshima. Kisha mtu akitukanyaga mguu, nasi tukaona wazi kwamba hakuteleza, tunasema amefanya kusudi, au amefanya makusudi, yaani alijua alitendalo na alilitaka. Asili ya neno ni Kiarabu, na mzizi wake hubeba maana ya kunuia na ya kuelekea mahali. Nimelitumia tangu utotoni bila kuona kwamba maana hizo mbili ni za nyumba moja, na sasa nimeona siwezi kuliacha lipite. Kusudi la maisha yangu haliwezi kuwa kitu kingine isipokuwa yale mambo ninayoyafanya kusudi. Yaliyobaki, hata yakiandikwa kwa wino mzuri kiasi gani, ni matamanio.

Basi nililisogeza daftari pembeni, nikachukua karatasi tupu, na badala ya kuandika nitakayoyafanya nikajaribu kuandika niliyoyafanya. Kuna watu huliita zoezi hili muhasaba, mtu kujihesabia mwenyewe, na ni gumu kuliko linavyosikika. Saa nyingi za mwaka wangu hazikuwa na mwenyewe. Nilifungua simu kila asubuhi kabla sijainuka kitandani, na sikumbuki hata asubuhi moja ambayo niliamua kuifungua. Nilikubali kazi tatu za ziada kwa sababu tu aliyeniomba alikuwa amesimama mbele yangu na kukataa kulinitia haya. Nilikosana na rafiki wa siku nyingi juu ya jambo ambalo leo nikitakiwa kulieleza nitahangaika kulikumbuka, kisha nikaacha miezi minne ipite kabla ya kumpigia. Yote hayo yalitokea, na mimi nilikuwepo yakitokea. Lakini nikiulizwa ni lipi nililolifanya kusudi, sina jibu.

Lilibaki jambo moja, na nusura nisiliandike kwa kuwa halikuonekana kuwa la kuandikwa. Mwanzoni mwa mwaka macho ya baba yalianza kufifia. Herufi ndogo zilimpotea kwanza, kisha na zile kubwa za vichwa vya habari, na yeye ni mtu ambaye hajawahi kulala bila kusoma. Akaniomba nimsomee. Ukurasa mmoja tu, alisema, halafu uende kwenye shughuli zako. Nilikubali kama nilivyozikubali zile kazi tatu, kwa haya, na majuma ya mwanzo nilisoma huku simu ikiwa mapajani na jicho moja likiitazama. Jioni moja nilimaliza aya, nikageuza ukurasa, naye akaniwekea mkono juu ya kifundo cha mkono wangu.

"Mwanangu, umeruka mstari."

Nikasema, "Samahani, Baba," nikarudi nyuma, na kweli nilikuwa nimeuruka. Yeye hakuondoa mkono. Akasema, kwa upole ambao uliniuma kuliko kama angenikaripia, "Nisomee kama mtu anayetaka kujua kinachofuata."

Kuanzia siku ya pili niliiacha simu chumba kingine. Baada ya wiki mbili hivi niliomba kazini niruhusiwe kuanza nusu saa mapema ili niwahi kurudi kabla baba hajachoka. Hapo ndipo jambo lililoanza kama deni lilipogeuka kuwa la kwangu, na ninaweza kuitaja wiki yenyewe, kwa sababu ndiyo wiki niliyoanza kupanga mambo mengine kulizunguka. Kufikia mwisho wa mwaka tulikuwa tumemaliza vitabu vinane na kufika katikati ya cha tisa. Nilipoliandika hilo kwenye karatasi nilibaki nikilitazama. Chini ya azimio langu la vitabu 12 nilikuwa nimejiandikia kwamba nimeshindwa, kwa kuwa vile vinane nilivihesabu kuwa vitabu vya baba.

Na vitabu si sehemu kubwa ya habari hii. Kusoma kwa sauti humlazimisha mtu aende kwa mwendo wa msikilizaji, angoje pale anapotaka kuuliza, arudie bila kuonyesha kuchoka. Mwezi wa kumi dada yangu aliniambia kwenye simu kwamba siku hizi ninamwacha amalize sentensi. Sikuwa najua kwamba nilikuwa na tabia ya kumkatiza, wala sikuwa najua kwamba nimeiacha. Hakuna ukurasa katika daftari langu ulioomba subira. Ilikuja kwa mlango ambao sikuufungua kwa ajili yake.

Nadhani hivi ndivyo kukua kunavyokuwa kwa wengi wetu, na ndiyo sababu mtu huweza kukosa kukuona hata kukiwa usoni pake. Mwaka 2013 wanasaikolojia Jordi Quoidbach, Daniel Gilbert na Timothy Wilson walichapisha utafiti uliohusisha watu zaidi ya 19,000, wa umri wa miaka 18 hadi 68, walioulizwa ni kiasi gani walikuwa wamebadilika katika miaka kumi iliyopita au ni kiasi gani walitarajia kubadilika katika miaka kumi ijayo. Watu wa kila umri walisema wamebadilika sana, na watu wa kila umri walitarajia kubadilika kidogo tu kuanzia hapo, kana kwamba siku ya maswali ndiyo siku walipokwisha kukamilika. Nikisoma kurasa zangu tano nauona udhaifu huohuo. Kila Januari niliandika mpango kwa ajili ya mtu ambaye atabaki kuwa mimi wa Januari, ila tu amepunguza uzito na kuongeza vitabu. Sikuacha nafasi hata ya mstari mmoja kwa mtu ambaye mwaka wenyewe ungemfanya awe.

Sisemi kwamba maazimio hayana kazi. Wapo wanaoyadharau, wakisema kwamba tarehe mosi Januari ni siku kama siku nyingine, na kwa hesabu za kalenda wana hoja: Uingereza, kwa mfano, ilihesabu mwaka kuanzia tarehe 25 Machi hadi ilipohamia tarehe mosi Januari mwaka 1752, na jua halikubadili mwendo kwa ajili hiyo. Lakini binadamu anahitaji mahali pa kusimama ili ageuke nyuma, na mwanzo wa mwaka unampa. Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionyesha mwaka 2014 kwamba watu huelekea zaidi kushughulikia malengo yao mara tu baada ya vituo vya namna hiyo, uwe ni mwaka mpya, mwezi mpya, wiki mpya au hata siku ya kuzaliwa. Naye John Norcross na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2002, walikuta kwamba baada ya miezi sita asilimia 46 ya waliojiwekea azimio la mwaka mpya walikuwa bado wamelishika, huku waliokuwa na haja ileile ya kubadilika lakini hawakuweka azimio wakifanikiwa kwa asilimia 4 tu. Tofauti hiyo ni kubwa mno kupuuzwa. Kwa hiyo sitalitupa daftari langu; ninachotaka ni kubadili kinachoandikwa ndani yake.

Kinachonisikitisha ni jinsi maazimio mengi yanavyoandikwa dhidi ya nafsi. Nitaacha hiki, sitakula kile, sitapoteza muda, sitakuwa mvivu. Mtu anaufungua mwaka kwa kujishtaki, kisha anamtaka mshtakiwa huyohuyo awe na furaha ya kutekeleza hukumu. Utafiti uliofanyika nchini Sweden na kuchapishwa mwaka 2020, uliowafuatilia watu 1,066, ulikuta kwamba asilimia 58.9 ya waliojiwekea lengo la kuliendea jambo walijiona wamefanikiwa, na kwa waliojiwekea lengo la kuliepuka jambo ni asilimia 47.1. Kwangu mimi hili linapatana na ile maana ya zamani ya kuelekea mahali. Mtu anayekimbia kitu hana kusudi bado. Anayo hofu tu, na hofu ikipungua, mwendo nao hupungua.

Itasemwa kwamba kuzungumzia kusudi ni anasa ya wenye nafasi, na kwamba anayeamka alfajiri kwa ajili ya riziki na kurudi usiku hana saa ya kukaa na karatasi tupu. Hoja hii naichukua kwa uzito, maana wengi ninaowapenda wanaishi hivyo, na hotuba za kuwaambia wafuate ndoto zao huwa ni za kuwaongezea mzigo. Hata hivyo sikubali kwamba mtu aliyebanwa hana kusudi. Viktor Frankl, daktari wa akili wa Vienna aliyepitia kambi za mateso za Wanazi, Auschwitz ikiwamo, na kufariki mwaka 1997, alifundisha kwamba hata pale mtu anapokuwa hana uwezo wa kubadili hali yake, bado anabakiwa na uamuzi wa jinsi atakavyoipokea. Sithubutu kulinganisha kiti cha baba yangu na mahali pale. Naona tu kwamba mimi sikuichagua ile kazi ya kusoma. Niliikuta imeniangukia, kama kazi nyingi zinavyowaangukia watu, na siku niliyoanza kuifanya kusudi haikuwa siku niliyopata muda zaidi. Muda ulikuwa uleule. Ni mimi, niliyekuwa nimekaa kitini siku zote, ndiye niliyekuwa hatimaye nimefika.

Kuna sehemu ya kiufundi pia, nami nitaipitia kwa haraka kwa sababu wengi wameieleza. Peter Gollwitzer ameonyesha, tangu miaka ya 1990, kwamba nia ikifungwa kwenye wakati na tendo mahususi, kwa umbo la "likitokea hili, nitafanya lile", hutekelezwa zaidi kuliko nia iliyoachwa ielee. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea tabia mpya, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2010 muda wa kati wa tabia kuzoeleka ulikuwa siku 66, lakini tofauti baina ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Waliona pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu mwendo wa mazoea. Laiti ningelijua hilo miaka mitano iliyopita! Mara ngapi nimeliacha azimio zima katikati ya Februari kwa sababu ya jioni moja niliyoiruka, nikidhani kwamba kilichokatika hakiungiki.

Usiku wa kuamkia mwaka mpya nililivuta tena daftari na kuandika ukurasa wa sita. Una sentensi mbili. Ya kwanza inasema kwamba baada ya chakula cha jioni, nikishanawa mikono, nitaiacha simu chumba kingine na kuketi karibu na baba nikiwa na kitabu. Ya pili ni jina la yule rafiki niliyekosana naye, na siku ya wiki nitakayokuwa nikimpigia. Nafasi iliyobaki chini nimeiacha tupu kwa yale nitakayoyakuta Desemba.

Jana sikusoma, nilirudi nikiwa nimechelewa, na baba alikuwa amekwisha kulala. Asubuhi aliniuliza kama nimehamisha alama ya ukurasa. Nikamwambia, "Hapana, Baba, iko palepale, ukurasa wa 112." Akatikisa kichwa kuridhika, akasema jioni atakuwa macho.