Papa wa Shangazi

Shangazi yangu wa Lindi hakubali mtu arudi Dar mikono mitupu. Alinifungia papa wakavu kwenye magazeti, akawatia kirobani, akasema, "Weka chini ya kiti, mwanangu. Hawa hawanuki."

Nafundisha kemia. Hawa wananuka. Nyama ya papa imejaa urea, na bakteria wakiivunja hutoka amonia, ileile inayokupokea mlangoni pa choo cha stendi. Ni gesi nyepesi: uzito wa molekuli yake ni 17 tu. Hewa yenyewe ni kama 29.

Lakini balaa lilianzia kwenye chai. Muuzaji alitia sukari, hakukoroga, na kijiko hakuna. Ndani ya maji chembe husambaa polepole mara 10,000 hivi kuliko hewani. Kungoja sukari ipande yenyewe hadi juu ya kikombe ni wiki kadhaa, na mimi nilikuwa nashuka Mbagala jioni ileile. Nikakizungushazungusha kikombe. Tuta! Chai yote mapajani.

Ndipo na amonia ikaamka. Mama wa kiti cha nyuma akamkagua mtoto: pampasi kavu. Mzee jirani yangu akatoa marashi, akanyunyiza. Sasa, kwa kanuni ya Graham, kwamba gesi nyepesi husambaa haraka kuliko nzito, hewa ikitulia, amonia hukimbia karibu mara tatu zaidi ya linaloli, kemikali ya harufu ya marashi, yenye uzito wa 154. Itulie wapi? Feni ya kiyoyozi iliwabeba wote wawili kama bwana na bibi harusi mpaka mbele kwa konda. Bila feni angenusa baada ya siku nyingi, nimeshalala kwangu.

Konda akaja akinusa kiti kwa kiti. Akasimama kwangu. Akaitazama suruali.

"Kaka," akaninong'oneza kwa sauti iliyofika siti ya mwisho, "si ungesema tu, tukasimama uchimbe dawa?"

"Ni chai!"

"Sawa, kaka. Chai."

Mzee akajibana dirishani. Heshima ya ualimu ikanipanda kichwani. Nikavuta kiroba, nikakifungua mbele ya mashahidi ili nisafishe jina.

Dereva alisimamisha basi bila kuombwa.

"Abiria wote!" konda akapaza sauti, mwenyewe keshafika chini. "Kuchimba dawa!"

Alibaki bibi mmoja tu, kaegemea kiti changu.

"Mjukuu wangu, hicho kipande kikubwa unauzaje?"