Kitunguu saumu mwitu kimebebeshwa kosa lisilo lake

Ukianzisha mazungumzo kuhusu kitunguu saumu mwitu cha Afrika Kusini, haupiti muda kabla mtu hajataja Toronto. Agosti 2006, katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika jijini humo, banda la serikali ya Afrika Kusini lilipangwa vitunguu saumu, malimau na bitiruti. Waziri wa afya wa wakati huo, Manto Tshabalala-Msimang, alikuwa amevisifia vyakula hivyo kwa miaka, huku akiwatia watu hofu juu ya dawa za kufubaza VVU. Tangu hapo, mtu akitaja kitunguu saumu kama tiba, wengi huliona banda lile na hawasikilizi tena.

Hasira hiyo ina haki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikadiria mwaka 2008 kuwa zaidi ya watu 330,000 walipoteza maisha kwa sababu serikali ilichelewa kutoa dawa hizo kati ya 2000 na 2005. Mtetezi wa tiba asili anayeiruka namba hii hastahili kusikilizwa. Lakini uamuzi ule ulitoka ofisi za serikali kule Pretoria, haukutoka kwa mganga wa kijijini, na lawama zake zikaangukia hata mmea ambao haukuwa mezani.

Kilichokuwa pale Toronto ni kitunguu saumu cha jikoni. Kile cha mwituni, Tulbaghia violacea, ambacho Wazulu hukiita isihaqa, ni mmea mwingine. Kwao ni majimbo ya Eastern Cape na KwaZulu-Natal. Kina majani membamba marefu na maua ya zambarau yaliyokusanyika juu ya bua moja, na ukikiona kwa mbali utadhani ni ua la bustani tu. Kweli hupandwa bustanini na hata kandokando ya barabara. Vunja jani moja ndipo utakapokijua. Harufu haikuwepo sekunde moja kabla: inazaliwa pale pale, wakati marasmini, kemikali iliyomo ndani ya jani, inapokutana na kimeng'enya (kichocheo cha mabadiliko ya kikemikali) kilichokuwa kimetengwa nayo na kugeuka marasmisini, ndugu wa ile alisini ya kitunguu saumu cha kawaida. Zote mbili ni za jamii ya salfa, na zote mbili huzuia bakteria na kuvu kukua kwenye vyombo vya maabara.

Matumizi yake ya jadi yanafahamika vizuri. Tunguu, ile sehemu nene iliyo chini ya mmea, huchemshwa likiwa bichi na maji yake hunywewa kwa mafua na kikohozi. Hutumika kwa minyoo, kwa homa, kwa pumu. Majani huliwa kama mboga, na mmea hupandwa kuzunguka nyumba ili harufu yake ifukuze nyoka.

Kinachonigusa zaidi, hata hivyo, ni upande wa madhara. Maandishi ya mimea tiba ya Afrika Kusini yanaonya kuwa anayekitumia kupita kiasi hupata maumivu ya tumbo, tumbo na utumbo kuvimba hadi utando wa ndani kubanduka, matumbo kuacha kusukuma chakula, mboni za macho kusinyaa, na mwili kuzubaa usishtuke unapoguswa. Isome tena orodha hiyo. Haya si maarifa ya watu walioamini kwamba cha asili hakidhuru. Nyuma yake wapo watu walioitumia dawa hii, wakamwona mgonjwa akizidiwa, wakajua ni wapi pa kusimama. Tiba ya jadi yenye akili ilikuwa na kipimo: sehemu gani ya mmea, kiasi gani, kwa nani, kwa siku ngapi. Kilichopotea njiani, mmea ulipotoka mikononi mwa mjuzi na kuingia kwenye hotuba na vidonge vya kununua, ni hicho kipimo.

Wenye shaka wana hoja nzito, na baadhi yake sina jibu nayo. Sehemu kubwa ya ushahidi ni ya maabara, kwenye vijidudu na panya. Kuua kuvu kwenye kisahani ni jambo moja. Kumponya mtu ni jingine kabisa. Tena moto huharibu vimeng'enya, kwa hiyo tunguu lililochemshwa zima haliwezi kudhaniwa kutoa kile kile ambacho mtafiti alikipata kwa kuliponda bichi. Na pale mmea unapotajwa kwa kifua kikuu na saratani ya umio, mimi nasimama upande wa daktari bila kusita. Eneo lililokuwa likiitwa Transkei, huko Eastern Cape kwenye asili ya mmea huu, limesumbuliwa na saratani hiyo kwa miongo mingi, na miezi ambayo mgonjwa anaipoteza akijaribu majani harudishiwi.

Lakini kuna utafiti mmoja mdogo ambao pande zote mbili huutaja kwa haraka mno. Nchini Marekani, watafiti waliwapa watu wenye afya saquinavir, mojawapo ya dawa za VVU za wakati ule, kisha wakawapa vidonge vya kitunguu saumu cha kawaida mara mbili kwa siku kwa takriban wiki tatu. Kiwango cha dawa katika damu kilishuka kwa asilimia 51. Wakaacha vidonge hivyo kwa siku 10, wakapimwa tena, na dawa bado haikuwa imerudi ilipokuwa mwanzo; ilifika kwenye asilimia 60 hadi 70 tu.

Madaktari huisoma namba hiyo kama hukumu dhidi ya kitunguu saumu, na kwa mgonjwa anayetegemea dawa ni onyo la kweli. Mimi naona pia kwamba inaua dhihaka. Kitu kinachoweza kukata nusu ya dawa ndani ya damu, na kuacha alama yake siku 10 baadaye, hakiwezi kuitwa ushirikina wa bibi vizee. Ni kitu chenye nguvu, na chenye nguvu huulizwa habari zake. Saquinavir haitumiki sana siku hizi na kitunguu saumu mwitu si kile kilichopimwa, lakini hizo ni sababu za kuupima na mmea huu pamoja na dawa za leo, maana wapo wanaoutumia sasa hivi bila kumwambia muuguzi. Hawasemi kwa sababu wanajua watachekwa.

Agosti 17, 2006, wiki ile ile ya Toronto, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilibatilisha sheria ya waganga wa jadi ya 2004, kwa kuwa Bunge halikuwashirikisha wananchi ipasavyo katika kuitunga. Sheria mpya, namba 22 ya 2007, iliweka msingi wa baraza la kuwasajili waganga na kusimamia kazi yao. Habari hiyo haikupata hata robo ya kelele za banda, ingawa ndiyo iliyogusa jambo lenyewe: nani anaruhusiwa kumpa mgonjwa isihaqa, na anawajibika kwa nani akizidisha. Mganga aliyesajiliwa anaweza kumwandikia daktari kwamba mgonjwa huyu amekunywa maji ya tunguu kwa wiki mbili. Daktari naye anaweza kumwomba mganga asitishe mpaka wingi wa virusi upimwe.