Faru wa fedha hakupita mikononi mwetu

Juzi mjomba wangu aliyeko Uingereza alinitumia picha ya shilingi 50 ya Tanzania ya mwaka 1974. Upande mmoja Mwalimu Nyerere, upande wa pili faru, sarafu ya madini ya fedha. Ameikuta kwa muuza sarafu za zamani. "Mjomba, huko nyumbani mmewahi kuishika hii?" Nimeuliza ukoo mzima. Hakuna.

Imeniuma. Mwaka ule zilitoka sarafu tatu za uhifadhi wa wanyama: twiga kwenye 25 na faru kwenye 50, zote za fedha, na duma kwenye 1,500 ya dhahabu. Mauzo yake yaliyachangia mashirika ya kimataifa ya uhifadhi, WWF na IUCN, sawa, hela ilihitajika. Lakini zililenga visanduku vya wakusanyaji wa ng'ambo. Bibi yangu wa Liwale alikesha shambani akipiga debe kufukuza tembo wa hifadhi ya Selous wasimalize mahindi. Yeye ndiye jirani wa wanyama hawa, kwa hasara na kwa hofu, na hakuna aliyemwekea sarafu kiganjani akamwambia: bibi, tazama, taifa linawathamini hivi.

Kilichofuata tunakijua. Miaka ya 1970 faru nchini walizidi 10,000. Kufika miaka ya 1990 walikuwa chini ya 100. Pembe nyingi ziliishia Yemen, mipini ya majambia. Mwaka 1986 ikatoka 100 ya fedha yenye tembo na mwanawe, ujangili umepamba moto.

Mimi faru wa kwanza nilimjua kwenye hamsini ya kawaida, ile ya 1996 yenye sura ya Mzee Mwinyi. Ilikuwa hela ya ubuyu. Siku moja mwalimu wetu wa darasa la tatu alituambia kila mwenye hamsini aigeuze, amtazame faru mama na mtoto wake. "Hawa wanaisha," akasema. Darasa zima kimya. Siku ile sikununua ubuyu, nilirudi nayo nyumbani.

Ndiyo maana naiomba Benki Kuu: ikitoa tena sarafu ya fedha yenye mnyama, itenge moja kwa kila shule ya msingi inayopakana na hifadhi, Liwale, Ngorongoro, Serengeti, kote. Ikae ofisini kwa mwalimu mkuu, na kila mwaka darasa la tatu waishike, mmoja mmoja.