Nyama iliyokufa kidondani: ikatwe leo au iachwe ijitoe?

Chukua vidonda viwili. Cha kwanza kiko kisigino, kimefunikwa na gamba jeusi. Ukiligonga taratibu kwa ncha ya kibano unasikia mlio mkavu, kama umegonga ganda la nazi. Kingo zake zimeshika, hakuna majimaji, hakuna harufu. Cha pili kiko chini ya unyayo wa mtu mwenye kisukari: pembeni kimezungukwa na sugu nene nyeupe, katikati kuna utando wa njano unaoteleza, na bandeji ikifunguliwa tu harufu inakupokea.

Vyote viwili vina nyama iliyokufa. Lakini cha pili kwa kawaida hukatwa, tena mapema, na cha kwanza mara nyingi huachwa kama kilivyo. Anayesema "nyama mfu lazima itoke" bila kuongeza neno atamuumiza mgonjwa mmoja kati ya hawa wawili.

Kwa nini itoke? Kwa sababu bakteria hustawi humo, tena hujijengea utando mwembamba ambao dawa haziupenyi vizuri. Pia inaficha kina cha kidonda: huwezi kujua kama kimefika kwenye mfupa mpaka uone chini. Na ngozi mpya haiwezi kutambaa juu ya nyama iliyooza. Hili halina ubishi mkubwa. Ubishi uko kwenye njia na wakati.

Wanaotetea kisu wana hoja nzito. Kwa dakika chache, daktari au muuguzi aliyefunzwa anafanya kazi ambayo jeli ya kulainisha nyama mfu ingeichukua wiki kadhaa. Maambukizi yanayotambaa haraka chini ya ngozi na kuua nyama hayangoji hata kesho. Mgonjwa mwenye maambukizi hayo anapelekwa chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, kwa maana kila saa inayopita inachukua sehemu ya mwili. Kwa mguu wa kisukari, mwongozo wa 2023 wa IWGDF, jopo la kimataifa la wataalamu wa mguu huo, unashikilia kisu kama njia ya kawaida na kushauri jeli, mabuu ya nzi yanayokula nyama mfu na njia nyingine zisichukue nafasi yake. Nakubaliana nao, ingawa ushahidi wenyewe si imara kama ukali wa ushauri unavyoweza kukufanya udhani. Sugu ile nyeupe ukingoni ni mzigo: kila hatua inakandamiza nyama iliyo chini yake. Hakuna jeli inayoiondoa kama makali yanavyoiondoa.

Upande wa pili nao una haki yake. Kisu kinatoa damu, na mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda anaweza kuvuja kuliko ulivyotarajia. Kinauma. Kinataka mkono unaojua tofauti kati ya utando wa njano na kano, kwa sababu kano iliyo wazi nayo ina weupe wa njano, na ikikatwa hairudi. Tena kuna ugonjwa wa ngozi unaoitwa payoderma gangrenosamu, wenye kingo za zambarau na maumivu makali, ambao ukiukata unapanuka. Anayeudhani kuwa maambukizi ya kawaida na kuendelea kukata anakikuza kidonda kwa mikono yake mwenyewe.

Ndiyo maana njia ya polepole ina watetezi. Unakifunika kidonda kwa jeli au bandeji inayotunza unyevu, na chembe nyeupe za damu pamoja na vimeng'enya vya mwili vinalainisha nyama mfu mpaka inajitenga. Haiumi sana, haihitaji ustadi mkubwa, na inamfaa mgonjwa dhaifu ambaye upasuaji ungemchosha. Bei yake ni muda. Na kidonda chenye maambukizi makali hakina muda huo. Kukifunga na kusubiri ni kuwalea bakteria. Kuna pia marhamu ya kolajenasi, kimeng'enya kinachotokana na bakteria, ambacho hukata nyuzi zinazoishikilia nyama mfu. Ni kizuri, lakini ukikichanganya na bandeji zenye fedha au na ayodini unakiua kabla hakijafanya kazi. Kosa hilo ni rahisi sana kulifanya pale zamu zinapobadilishana na kila mmoja ana dawa yake anayoiamini.

Mabuu ya nzi yanastahili kusemwa kwa kirefu, kwa kuwa yanafundisha zaidi ya yanavyosafisha. William Baer, daktari wa mifupa wa Marekani, aliwaona mwaka 1917 huko Ufaransa askari wawili waliokuwa wamelala uwanja wa vita kwa siku kadhaa, mifupa ya mapaja imevunjika, vidonda vimejaa mabuu. Hawakuwa na homa. Alipoyaondoa mabuu alikuta chini yake nyama changa ya waridi. Baadaye akayatumia kwa wagonjwa wenye maambukizi sugu ya mfupa, na baadhi yao walipopata pepopunda akatambua kwamba lazima mabuu yaondolewe vijidudu kwanza. Maandishi yake yalichapishwa 1931. Antibiotiki zikayasukuma kando, kisha yakarudi; Marekani iliyaruhusu rasmi mwaka 2004.

Sasa sikiliza kilichotokea yalipopimwa. Mwaka 2009 yalichapishwa Uingereza matokeo ya jaribio la wagonjwa 267 wenye vidonda vya mguu vinavyotokana na damu kutuama kwenye vena. Wengine waliwekewa mabuu, wengine jeli. Mabuu yalisafisha haraka zaidi, tena sana. Lakini vidonda havikupona mapema zaidi, na waliowekewa mabuu walisikia maumivu zaidi. Wapo waliosoma hapo kwamba mabuu hayana maana. Mimi nasoma jambo jingine: kusafisha na kuponya ni kazi mbili. Kama damu bado imetuama mguuni, kidonda kilichong'aa kitabaki kimeng'aa tu. Kinachokiponya ni bandeji ya kubana inayoisukuma damu irudi juu. Lakini kama lengo ni kukiandaa kipandikizwe ngozi wiki hii, basi kasi ya mabuu ni faida kubwa.

Njia moja nisingeitetea: shashi yenye maji inayoachwa ikauke kidondani kisha inyofolewe. Itazame inapotoka. Imeshikana na nyama, inavutwa, mgonjwa anakunja vidole vya miguu, na juu ya shashi kuna vipande vya njano pamoja na matone mekundu. Yale mekundu ni nyama changa iliyochukua siku nyingi kuota. Shashi haichagui, na mgonjwa anayetoneshwa hivyo kila siku anajifunza kuogopa kufungwa kidonda. Kuosha kwa maji ya chumvi ni bora, wala halihitajiki shinikizo la kutisha: jaribio kubwa lililochapishwa 2015, lenye wagonjwa zaidi ya 2,400 wa mifupa iliyovunjika na kutoboa ngozi, halikuona tofauti kati ya shinikizo la juu na la chini, na waliooshwa kwa sabuni ndio waliorudishwa zaidi kwenye upasuaji.

Tukirudi kisiginoni, swali la kwanza si kisu au jeli. Ni kama damu inafika. Pima shinikizo la damu kifundoni uligawanye kwa lile la mkononi: chini ya 0.9 mishipa imeanza kuziba, na likishuka kuelekea 0.5 hali ni mbaya. Kwa mwenye kisukari namba hiyo inaweza kudanganya, kwa kuwa mishipa migumu haibanwi na kipimo kinatoka juu kuliko ukweli; kidole gumba cha mguu nacho kipimwe. Mahali pasipofika damu, gamba kavu ndicho kifuniko pekee alichobaki nacho mgonjwa. Ukilikata unafungua kidonda ambacho mwili hauna uwezo wa kukifunga. Hapo mishipa inazibuliwa kwanza, gamba linawekwa kavu, na kisigino kinainuliwa kisiguse godoro.

Kisha linakaguliwa kila siku. Likianza kulegea ukingoni, likabonyea kama tunda lililoiva, au wekundu na usaha ukajitokeza pembeni, uamuzi wa wiki iliyopita haufai tena, na aitwe daktari wa upasuaji siku hiyo.